Siku Moja, Kambi au Ulezi wa Kipande: Ulinganisho wa Njia Tatu za Kujitolea Kutunza Njia za Milimani Kanda ya Kati

Vikundi vingi vya Dodoma vinavyopenda kupanda milima, kuanzia vilabu vya mazoezi vya mitaani hadi wanafunzi wa vyuo na vijana wa makanisa na misikiti, hufika mahali vikatamani kuzifanyia kazi njia ambazo vimekuwa vikizipita kila mwisho wa wiki. Nia hiyo ikishapatikana, swali linalofuata huwa gumu kuliko lilivyodhaniwa. Je, tukusanyane siku moja tupige kazi, tupige kambi siku nne hadi saba mlimani, au tuchukue kipande kimoja cha njia tukitunze mwaka mzima? Kila mtindo una watetezi wake, na kila mmoja huacha njia katika hali nzuri ukitumika mahali pake. Makala haya yanailinganisha mitindo hiyo mitatu kwa vigezo vilevile, ili kikundi kinachosita kijue kinachagua nini.

Kwanza ni lazima tufahamu njia huharibiwa na nini. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa mvua chache kubwa zinazoangukia udongo uliokaa miezi mingi bila tone. Nyasi zake zimeliwa na mifugo au zimeungua, na pale nyayo za watu zilipoushindilia, udongo huo hauwezi kunywa maji kwa haraka. Maji hutafuta pa kupita, na njia ya miguu inayoteremka moja kwa moja huwa tayari ni mfereji. Majaribio ya mmomonyoko yaliyofanyika Mpwapwa katika miaka ya 1930, ambayo ni miongoni mwa ya mwanzo barani Afrika, yalionyesha kwamba ardhi tupu hupoteza maji na udongo kwa wingi usiolinganishika na ardhi iliyofunikwa na nyasi au vichaka. Kondoa ililijua jambo hilo kwa uchungu, hata mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililokuwa limemomonyoka zaidi ili mimea ipate nafasi ya kurudi. Njia ya mlimani ni ukanda mwembamba wa ardhi tupu ambao hatuwezi kuupumzisha kwa namna hiyo, kwa kuwa watu wanapita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya matunzo yake ni kuyatoa maji njiani kabla hayajapata kasi.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu kizito kuliko vyote, ni msimu. Udongo wa huku huchimbika vizuri mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni, unyevu ukiwa bado umo. Ifikapo Septemba sururu hudunda. Nyasi na vichaka hufyekwa baada ya mvua kukoma, kwa sababu vikifyekwa Februari huwa vimekwisha kurudi kabla ya msimu kuisha. Mifereji huzibuliwa Novemba, kabla ya mvua ya kwanza. Kasoro za njia, kwa upande mwingine, huonekana waziwazi mvua inaponyesha au mara tu inapokatika. Mtindo wowote unaochaguliwa bila kutazama kalenda hii huwachosha watu bure.

Kigezo cha pili ni aina ya kazi ambayo mtindo huo unaweza kuikamilisha. Kazi iliyoachwa nusu inaweza kudhuru kuliko ile ambayo haikuanzwa: kifusi kilicholegezwa na kuachwa ndicho kinachotangulia kusombwa. Cha tatu ni ujuzi na usimamizi unaohitajika, cha nne ni gharama na vifaa, na cha tano ni ruhusa na usalama. Baada ya hayo, kwa kila mtindo, nitaeleza unamfaa nani.

Kazi ya siku moja

Huu ndio mtindo unaofanana zaidi na msaragambo, na Watanzania wengi wameuzoea kupitia usafi wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Watu hukutana alfajiri chini ya kilima, hugawana kazi, na hutawanyika kabla jua halijawa kali. Kwa vilima vilivyo ndani au kando ya jiji, kama Mlimwa, watu hufika kwa bodaboda au daladala na kurudi nyumbani mchana.

Msimu: Siku moja hutoa faida kubwa mara mbili kwa mwaka, yaani Novemba kwa kuzibua mifereji na mwishoni mwa Mei kwa kufyeka. Katikati ya kiangazi hubaki kazi ya kuokota taka na kurudishia alama zilizoanguka, nayo ina maana yake ingawa haizuii korongo.

Kazi inayofaa: Kufyeka pembeni mwa njia, kuondoa matawi yaliyoanguka, kuzibua matoleo ya maji yaliyojaa mchanga, na kufunga njia za mkato. Hili la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana. Njia inapopanda kwa kona, wenye haraka hukata moja kwa moja kutoka kona moja hadi nyingine, na baada ya msimu mmoja maji hufuata nyayo zao. Matawi ya mgunga yenye miiba yakilazwa kwa wingi kwenye mdomo wa juu na wa chini wa mkato, jinsi wafugaji wa huku wanavyozungushia zizi, huwarudisha watu kwenye njia yao bila ubao wala maneno. Kazi isiyofaa kwa siku moja ni ngazi za mawe na kuhamisha njia. Kikundi cha watu hamsini kikianza ngazi saa 1 asubuhi, mara nyingi saa 5 huwakuta na mashimo.

Ujuzi na usimamizi: Washiriki hawahitaji ujuzi, lakini msimamizi ni lazima awe nao, na mmoja hatoshi. Watu wanane hadi kumi kwa msimamizi mmoja ndicho kiwango ninachokiona kuwa salama, hasa mapanga yakiwapo. Msimamizi anapaswa kuwa ameipita njia siku chache kabla na kuweka alama kila mahali pa kufanyiwa kazi, kwa sababu watu wa siku moja, wakiachiwa waamue wenyewe, hufyeka kwa furaha hata nyasi zilizokuwa zimeshikilia ukingo wa chini wa njia.

Gharama na vifaa: Ni ndogo kuliko mitindo mingine. Kasoro ya kawaida ni vifaa kuwa vichache kuliko watu, hivyo theluthi ya washiriki wakasimama wakipiga picha. Ni afadhali kualika watu kwa idadi ya makwanja, machepe, karai na glavu zilizopo. Kila mtu abebe maji yake, angalau lita tatu, kwa kuwa vilima vya mawe vya Dodoma havina kivuli wala chemchemi.

Ruhusa na usalama: Vilima kadhaa vya jiji vinapakana na maeneo ya taasisi au ya mitambo, kwa hiyo ofisi ya mtendaji wa kata inapaswa kujua siku na saa za kazi. Kwenye mawe makubwa, kabla ya kuingiza mkono chini ya jiwe au kwenye ufa, gusa kwanza kwa fimbo, maana kifutu hulala palepale na hakimbii anaposikia hatua. Ufa wenye nyuki huachwa kama ulivyo.

Inamfaa nani: Kikundi kikubwa, chenye wanachama wanaobadilikabadilika, wenye ajira za wiki nzima, au kinachotaka kuwaleta watoto wa shule wajionee. Humfaa pia anayejaribu kwa mara ya kwanza kabla ya kujifunga na jambo kubwa.

Kambi ya siku kadhaa

Kambi ina maana ya watu kumi hadi ishirini kulala chini ya mlima au juu yake kwa siku nne hadi saba, wakifanya kazi moja kubwa mpaka iishe. Mfano unaowajia wengi akilini ni Hanang, volkano yenye mita zaidi ya 3,400 juu ya mji wa Katesh. Uko Mkoa wa Manyara, lakini kwa wakazi wa Dodoma na Singida ndio mlima mrefu ulio jirani.

Msimu: Kambi ni ya Mei na Juni, kwa sababu udongo bado una unyevu na mvua zimepungua. Agosti na Septemba zinafaa kwa kazi ya mawe matupu tu. Kambi ya msimu wa mvua siipendekezi kwenye miteremko mikali hata kidogo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, magogo na mawe vilishuka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Jambo hilo halihitaji maelezo zaidi kwa mtu anayepanga mahali pa kusimika hema, na makovu ya maporomoko yale si mahali pa wafanyakazi wa kujitolea kupeleka sururu zao.

Kazi inayofaa: Hapa ndipo penye utajiri wa mtindo huu. Kambi inaweza kujenga ngazi za mawe, kuinua njia iliyozama, na kuhamisha kipande kilichopita mahali pabaya. Kanuni mbili huongoza kazi ya kuhamisha. Kwanza, njia ya udongo isipande kwa wastani wa zaidi ya mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo. Pili, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inaoupita, kwa sababu ukizidi hapo maji hukataa kuvuka na kushuka upande wa chini, yakaamua kufuata njia.

Kazi ya kujifunzia kambini ni kizuizi cha mawe cha kugeuza maji, na inastahili kuelezwa kwa utaratibu. Huchimbwa mtaro unaokatiza njia kwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ukianzia ukingo wa juu na kuishia nje ya ukingo wa chini. Mawe marefu na bapa husimamishwa ndani yake yakibanana bega kwa bega, theluthi mbili za kila jiwe zikiwa ardhini, halafu udongo hushindiliwa upande wa chini mpaka mtu mzima akisimama juu ya jiwe lisitikisike. Upande wa juu huachwa mbonyeo laini wa kuyapokea maji. Mdomo wa kutokea huchimbwa mpana kuliko mtaro na kupangwa kokoto, ili maji yanapotoka yasianzishe korongo lingine. Kisha humwagwa ndoo ya maji mita chache juu yake, na wote hutazama. Maji yakisita, mbonyeo hauna mteremko wa kutosha. Yakipita kati ya mawe mawili, mawe hayo hung'olewa na kupangwa upya. Kujenga kizuizi kimoja kilicho imara kunaweza kuchukua nusu siku ya watu wanne. Ndiyo maana kazi hii haimo katika orodha ya siku moja.

Ujuzi na usimamizi: Fundi mmoja anayejua mawe anahitajika, na anaweza kuwa fundi mwashi wa kijijini badala ya mtu wa kutoka mjini. Wanaohamisha mawe makubwa kwa mitaimbo wafundishwe siku ya kwanza kwamba hakuna mtu anayesimama chini ya jiwe linalosogezwa, na kwamba jiwe likianza kuteremka huachwa liende na kupigiwa kelele.

Gharama na vifaa: Ni kubwa. Kuna chakula, mpishi, usafiri, mahema, ada za hifadhi, na wapagazi wa vifaa. Baadhi ya vikundi hutumia fedha nyingi kwa usafiri na chakula kuliko ambayo ingelipa vijana wa kijiji kufanya kazi hiyohiyo, na ni haki kujiuliza swali hilo mapema. Jibu linaloridhisha, kwa maoni yangu, ni kuweka nusu ya nafasi za kambi kwa wenyeji na kuwalipa waongozaji wao, ili ujuzi ubaki chini ya mlima baada ya basi kuondoka.

Ruhusa na usalama: Hifadhi za misitu za serikali kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kukata miti au kujenga ndani yake bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Barua ipelekwe mapema, ikieleza kipande kwa kipande kitakachofanyika. Moto wa jikoni usimamiwe na mtu mmoja kwa zamu, na nyasi zilizofyekwa zitawanywe badala ya kurundikwa, kwa kuwa lundo kavu la mwezi Juni huwa kuni za moto wa Septemba.

Inamfaa nani: Kikundi kidogo chenye afya njema, chenye wafadhili au akiba, na chenye kazi moja mahususi iliyokwisha kukaguliwa. Wanafunzi wa likizo ndefu na watu wanaotaka kujifunza ufundi hasa hupata hapa kisichopatikana kwingine.

Ulezi wa kipande

Katika mtindo huu mtu mmoja, familia au kikundi cha watu wachache huchukua kipande cha njia, tuseme nusu kilometa hadi kilometa mbili, na kukubali kukikagua kila mwezi na kila baada ya mvua kubwa.

Msimu: Yote. Ni mtindo pekee unaomweka mtu njiani wakati maji yanapoonyesha yanakopita, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, mlezi akitembea taratibu ataona majani makavu na vijiti vilivyolala kwa mstari pale maji yalipofika, mchanga mweupe uliotandazwa pale yalipopunguza mwendo, na ufa mpya wenye kina cha kidole pale yalipoongeza kasi. Kwenye vilima vya mawe kama vya Dodoma, aanze kutazama pale mwamba unapoishia na udongo unapoanza. Mwamba haunywi kitu, hivyo maji yote yaliyouangukia hufika kwenye mstari huo kwa pamoja, na korongo nyingi za njia zetu huzaliwa hapo.

Kazi inayofaa: Midogo midogo. Mlezi huzibua mdomo wa mfereji kwa jembe, hurudishia jiwe lililong'oka, hukata tawi kabla halijawalazimisha watu kuzunguka na kufungua njia ya pili, na huziba mkato ungali alama za nyayo tu. Kazi kubwa humzidi. Mlezi aliyeona kasoro ya msingi, kwa mfano kipande kilichonyooka kufuata mteremko, anaweza kuzibua na kuziba miaka yote bila kuiponya, na huzuni ya hali hiyo huwavunja moyo wengi.

Ujuzi na usimamizi: Mafunzo ya siku moja au mbili yanatosha kuanzia, lakini panatakiwa mtu wa kupokea taarifa. Daftari lenye tarehe, mahali na picha za simu zinazopigwa kutoka pointi ileile lina msaada mkubwa kuliko kumbukumbu ya kichwani.

Gharama na vifaa: Jembe, panga, ndoo na nauli. Gharama halisi ni uaminifu, kwa sababu kipande kilichoandikwa jina la mlezi asiyefika hakipati mlezi mwingine.

Ruhusa na usalama: Makubaliano yawe ya maandishi, na mlezi asiende peke yake mahali ambako simu haishiki. Pale penye urithi wa kale tahadhari huongezeka. Michoro ya miamba ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, hufikiwa kwa njia za miguu kutoka Kolo na vijiji vingine, na baadhi ya mapango yake bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji. Jiwe la kujengea ngazi lisichukuliwe karibu na pango, udongo wa sakafu ya pango usichimbwe, na vumbi la kazi lisiruhusiwe kufika kwenye michoro. Wazee wa kijiji waonwe kwanza, kwa shikamoo na kwa kukaa chini, kabla ya jembe lolote kugusa ardhi, kwani wanajua siku na mahali ambapo mgeni hapiti.

Inamfaa nani: Mkazi wa jirani anayepita njia hiyo kwa mazoea, mwalimu mwenye klabu ya mazingira shuleni, mwongoza watalii ambaye njia ni kazi yake, au mstaafu mwenye miguu mizuri. Haumfai anayehamishwa kituo cha kazi mara kwa mara, labda awe na wenzake wa kupokezana.

Kuchagua kwa hali yako

Ikiwa mna watu wengi na muda mfupi, chagueni siku moja, na muiweke Novemba au mwishoni mwa Mei badala ya kufuata tarehe ya sherehe fulani. Ikiwa njia imekwisha kuwa korongo lenye kina cha goti, siku moja itawapotezea nguvu. Tafuteni kibali, fundi na fedha za kambi, hata kama maandalizi yatachukua mwaka. Ikiwa njia bado ni nzima na mnakaa karibu nayo, ulezi utaifaa zaidi kuliko kambi yoyote.

Wanaotoka mbali, kwa mfano wakazi wa Dodoma mjini wanaoipenda Hanang au Kolo, wanaweza kuchangia kambi moja na kuwaachia walezi wa vijijini vifaa walivyotumia. Makwanja na mitaimbo ikibaki kwa mwenyekiti wa kijiji kwa orodha iliyotiwa saini, hufanya kazi kwa miaka ambayo wafadhili hawapo. Shule na vyuo vyenye kalenda ya mihula vinaweza kuunganisha mitindo miwili: ulezi wakati wa masomo, na siku moja ya pamoja kabla ya kufunga.

Kikundi chenye mtu mmoja tu anayejua kazi kisimtume kusimamia watu hamsini. Kimweke na walezi wanne au watano kwa msimu mmoja wa mvua, awafundishe kuyasoma maji, na mwezi wa Mei unaofuata kitakuwa na wasimamizi watano wa kugawana hao hamsini.